Daftari la Kushoto na Kulia

Kongolo, 2 Desemba 2024

Rekodi ya korali ya jana imeegemea kushoto. Mama Prezidanti wa korali alivaa kaske dakika chache, akaivua, akaniuliza, "Papa, babesi yetu balilala?" Hawakulala. Niliwasikia mwenyewe kanisani, benchi nililokalia lilikuwa linatetemeka. Lakini ndani ya kaske masoprano, ambao husimama kushoto, wako puani mwa msikilizaji, na besi wa kulia wako ng'ambo ya mto Lualaba.

Nyimbo zinatakiwa redioni kabla ya Noeli. Nyingine ni za misa ya 1 Januari, ya kuwakumbuka wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliouawa hapa Kongolo siku hiyo mwaka 1962. Muda upo, ila si mwingi.

Kijana wangu wa kazi alikuwa ameshashika bisibisi afungue mikseri. Nimemwambia airudishe mahali pake. Kati ya mdomo wa mwimbaji na sikio la Mama Prezidanti kuna mikro, kable yake, mikseri, kable ya kuingia ordinateri, kadi ya sauti, programu, faili; halafu safari ya kutoka: programu tena, kadi tena, tundu, fishi, kaske, na mwisho sikio lenyewe. Kila kimoja kinaweza kupunguza upande mmoja. Anayefungua kile kilicho karibu na mkono wake anacheza bahati nasibu kwa mali ya parokia.

Swali la kwanza: ubaya uko ndani ya faili, au uko kwenye kusikiliza? Katika programu ya Audacity mawimbi ya kushoto ni marefu kuliko ya kulia. Vilele vya kushoto vinafika desibeli −6, vya kulia −9. Lakini korali yenyewe haina usawa, masoprano ni wengi na besi ni wanne tu, kwa hiyo picha ile peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Nahitaji sauti ambayo najua kwa hakika kwamba pande zake mbili ni sawa.

3 Desemba

Sauti hiyo nilikuwa nayo siku zote: Mwenda Jean-Bosco na gitaa lake, "Masanga", aliyorekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Katika rekodi ile sauti ilikwenda kwenye mkondo mmoja tu, hakukuwa na kushoto wala kulia. Ukiiweka kwenye ordinateri leo, kinachoingia kushoto ndicho hicho hicho kinachoingia kulia. Kwa hiyo ndani ya kaske Mwenda lazima akae katikati ya kichwa, kati ya macho. Asipokaa hapo, rekodi haina kosa. Kosa ni la kitu kinachoipiga. (Ni lazima faili liwe halijaguswa. Kuna watu huzipaka rekodi za kale mwangwi na "stereo" ya uongo ili zionekane mpya. Hao sijui niwaite nini.)

Mwenda hakukaa katikati. Ameegemea kushoto, kidogo lakini wazi.

Hatua iliyofuata haigharimu hata franka moja. Geuza kaske: kikombe cha kushoto kivae sikio la kulia. Sauti ikihamia kulia pamoja na kikombe, sikio halina kosa, tazama kaske na vilivyo nyuma yake. Ikibaki kushoto ilhali kaske imegeuzwa, basi tatizo unatembea nalo kichwani. Kwangu imehama. Nimechukua kaske nyingine kabisa, ile ndogo ya simu, na Mwenda bado yuko kushoto. Kaske zote mbili haziwezi kuwa na ugonjwa mmoja upande mmoja kwa kadiri moja. Nimeziondoa kwenye orodha.

Kijana naye akajaribu, na majibu yake yakawa tofauti na yangu: akigeuza kaske, kwake sauti ilibaki kushoto. Amerudia macho yakiwa yamefungwa, nikimgeuzia mimi bila kumwambia ipi ni ipi, na kila mara anaonyesha kushoto. Nimemtuma kwa muuguzi. Amerudi anacheka: nta ngumu sikio la kulia, ametiliwa dawa ya kuilainisha, arudi kuoshwa. Amekatazwa kuingiza njiti au kijiti cha pamba, maana hivyo huisukuma nta ndani zaidi. Miezi mingapi amekuwa akiwarekebishia watu redio kwa sikio moja na nusu!

5 Desemba

Leo tundu la kaske. Hapa ndipo karibu nusu ya kazi zangu za "upande mmoja hausemi" huishia, kwa hiyo naandika kwa urefu ili kijana asome.

Fishi ndogo ya milimita 3.5 ina pete. Ncha yake hubeba kushoto, pete inayofuata hubeba kulia, na shina la chini ni waya wa pamoja ambamo pande zote mbili hurudishia umeme. Fishi za simu zenye mikro zina pete moja zaidi. Ukisukuma fishi isifike mwisho, ncha na pete hugusa mahali pasipo pao, na unapata upande mmoja, au pande zote mbili zikiwa zimechanganywa. Tundu la huku kwetu hujaa vumbi jekundu la kiangazi, na mvua zikianza unyevu huligeuza vumbi lile kuwa utando kwenye vyuma. Mguso ukilegea upande mmoja, upande huo hupungua au kukatikakatika.

Kipimo: ingiza fishi mpaka mwisho, kisha izungushe taratibu na vidole viwili huku Mwenda anapiga. Sauti ikiyumba au ikikwaruza, tundu au fishi ni mgonjwa. Yangu ilikwaruza. Nimezima ordinateri, nimeondoa batri, nimetoa vumbi kwa njiti nyembamba ya mti (si sindano, chuma hukwangua), kisha nimepitisha kitambaa kilicholowa spiriti kidogo na kuacha kikauke. Mikwaruzo imekwisha. Kuegemea hakukwisha.

Nimkumbushe kijana pia kuhusu yule mama wa sokoni aliyeleta simu na kaske yake akisema mwimbaji ametoroka na kuacha wanamuziki. Nilimsikiliza, na kweli, gitaa na ngoma zilisikika kama kutoka pangoni, mwimbaji hayupo. Ule ni ugonjwa wa waya wa pamoja. Waya huo ukikatika, umeme wa kushoto hauna njia ya kurudi ila kupitia kikombe cha kulia, na wa kulia kupitia cha kushoto. Vikombe vinabaki kusukumwa na tofauti tu ya pande mbili. Kilicho sawa pande zote mbili, na mwimbaji karibu siku zote huwekwa katikati yaani sawa pande zote, hakina tofauti, basi hakisikiki. Vilivyobaki ni vile vilivyowekwa pembeni. Mama yule alidhani simu imerogwa. Nilikata fishi, nikachomelea mpya, mwimbaji akarudi. Alilipa kwa kuku, nami sikupinga.

6 Desemba

Fupi. Nimefungua mipangilio ya sauti ya Windows, mahali pa kifaa cha kutolea sauti, panapoonyesha kushoto na kulia kila mmoja na namba yake. Kushoto 100, kulia 74. Nani aliigusa, sijui; watoto wa nyumbani huitumia ordinateri hii kutazama filamu jioni. Nimezilinganisha. Mwenda ameketi katikati ya macho.

Kijana aliuliza kama asiye na Windows ana pa kutazama. Yupo mteja wetu mwenye Linux, na huko kuna programu ya dirisha jeusi inayoitwa alsamixer: herufi Q hupandisha kushoto peke yake, E hupandisha kulia, Z na C hushusha, na B husawazisha pande mbili. Kwenye simu za Android mizani hiyo imefichwa kwenye mipangilio ya wasiosikia vizuri, na wengi huivuta kwa kidole bila kujua, kisha huja kwangu na simu "iliyoungua."

Nikafikiri nimemaliza. Nimeweka rekodi ya korali: imeegemea kushoto bado! Si sana kama mwanzo, lakini imeegemea. Kumbe palikuwa na makosa mawili, moja kwenye kusikiliza na moja ndani ya faili, na yote mawili yalivuta upande uleule, likawa kama kosa moja kubwa. Ningalifungua mikseri siku ya kwanza, ningalifanya kazi ya fundi anayesikia kwa mizani iliyopinda.

8 Desemba

Jumapili, mvua tangu saa saba mchana, batri za jua hazikujaa, sikuwasha chochote. Naandika kwa taa.

Sikio linajuaje kushoto na kulia? Kwa njia mbili. Sauti ya upande wa kulia hufika sikio la kulia ikiwa na nguvu zaidi, kwa sababu kichwa hukinga, na pia hufika mapema kidogo. Mapema hiyo ni ndogo mno, haizidi sehemu 7 za sekunde iliyogawanywa mara 10,000, lakini ubongo huisoma. Ndiyo maana mtu aliyekaa kwenye baa karibu na bafule moja huapa kwamba ile nyingine imekufa. Haijakufa. Ya karibu inamfikia kwanza, na masikio humwamini aliyefika kwanza. Kabla sijapokea ampli ya mtu wa baa siku hizi namwambia asimame katikati, umbali sawa na bafule zote mbili, kisha aseme tena.

Na tofauti kiasi gani ndiyo mtu husikia? Desibeli moja, mwenye sikio zuri huitambua akiwa kimya na makini. Tatu ni nguvu ya umeme kuwa mara mbili, na hapo hata Mama Prezidanti anajua. Sita ni volteji mara mbili. Watu hudhani "mara mbili" ni kitu cha kutisha, lakini sikio halihesabu hivyo.

Jambo hili la masikio mawili ni la zamani kuliko redio. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme Paris, Clément Ader aliweka vinasa sauti vya simu mbele ya jukwaa la Opera, akavipitisha kwa nyaya mpaka kwenye ukumbi wa maonyesho. Kila msikilizaji alishika visikilizio viwili, kila kimoja kikitoka kwenye kinasa chake, na watu walishangaa kwamba waliweza kujua mwimbaji anatembea kwenda upande gani. Nusu karne baadaye, Alan Blumlein, fundi wa Uingereza, alikerwa sinemani: mtu anaonekana upande mmoja wa pazia na sauti yake inatoka upande mwingine. Akamwambia mwanamke aliyekuja kuwa mkewe kwamba anajua namna ya kufanya sauti imfuate mtu. Mwezi huu wa Desemba, mwaka 1931, alipeleka ombi la hati ya uvumbuzi, na karibu kila tunachokiita stereo kimo mle. Alikufa mwaka 1942 katika ajali ya ndege wakijaribu rada, ana miaka 38.

Sinema ina mtu wa kutembea. Korali imesimama mahali pamoja. Sijui kwa nini tunaihangaikia stereo kanisani, lakini vijana wa korali wanaitaka, wanasema bila stereo ni mambo ya wazee.

10 Desemba

Mikseri, hatimaye, na bisibisi bado iko droo.

Nimebadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika. Mikro mbili nimezibadilishana kable zao: kulia bado ni dhaifu. Kable nimezibadilishana matundu kwenye mikseri: kulia bado ni dhaifu. Kosa lingekuwa la mikro au kable, lingehama pamoja nayo. Halikuhama, basi liko mbele zaidi. Nikatumia mikro moja tu, kirungu chake cha kushoto na kulia nikakiweka katikati kabisa, kijana akahesabu kwa sauti mbele yake. Pande zote mbili za kutoka zinapaswa kuwa sawa. Kulia imepungua desibeli 3. Ndizo zile za kwenye faili.

Kisha nikafanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: nikakizungusha kirungu kikubwa cha sauti kutoka chini mpaka juu, polepole, huku natazama taa za pande mbili. Kikiwa kwenye 2, kulia iko nyuma sana. Kwenye 4 inakaribia. Kwenye 7 ziko pamoja, tofauti haifiki desibeli moja. Nimerudia kushuka, vilevile.

Hapo ugonjwa umejitaja jina. Kirungu kile kimoja ndani yake ni potensiomita mbili zilizowekwa kwenye mhimili mmoja, moja ya kushoto, moja ya kulia, kila moja na utepe wake wa kaboni na mguu wa chuma unaoteleza juu yake. Tepe mbili za kaboni hazitoki kiwandani zikiwa mapacha kamili. Karibu na mwanzo wa mzunguko, ambapo sauti ni ndogo, tofauti ndogo ya utepe huwa tofauti kubwa ya sauti. Kwenye vifaa vya bei nafuu desibeli 2 au 3 ni jambo la kawaida. Kadiri unavyopandisha, tofauti inayeyuka. Ukiona upande mmoja ni dhaifu sauti ikiwa chini, na unapona sauti ikiwa juu, usitafute pengine.

Jumapili ile ya tarehe 1 tulirekodi kirungu kikubwa kikiwa chini, kwa kuwa viingilio vya mikro vilikuwa vimepandishwa mno. Dawa ni kugeuza mpango: shusha viingilio, panda na kirungu mpaka karibu na 7. Haigharimu kitu.

Kijana anataka tumwagie spiriti ndani ya potensiomita. Nimekataa. Spiriti itatoa uchafu, kweli, lakini itaosha na grisi yake, na baada ya miezi miwili kirungu kitakwaruza. Tumekizungusha kavu, mwanzo mpaka mwisho, mara nyingi, umeme ukiwa umezimwa. Hiyo peke yake hufuta utando. Potensiomita mpya nimeiandika kwenye orodha ya Kalemie, kule vipuri huvuka ziwa kutoka Kigoma.

Faili la zamani ningeweza kuliokoa kwa kuinua kulia desibeli 3 ndani ya Audacity, ila mvumo wa konvertisere ya umeme nao unainuka pamoja na besi. Mama Prezidanti amesema waimbe upya, tena kuna solisti mpya wanataka asikike. Pia nimemwambia ukweli kuhusu besi wanne. Amesema atatafuta wengine kwa wafanyakazi wa reli.

13 Desemba

Tumerekodi jana jioni. Solisti katikati mbele, korali nyuma yake nusu duara, mikro mbili. Kable yetu moja ilikuwa fupi, tukaazima nyingine kwa mtu wa muziki wa harusi. Pande ziko sawa, nimepima. Vijana wamesikiliza kwenye kaske wakapiga makofi: "Hii sasa ni stereo!" Sauti ni pana, inatoka mpaka nje ya kichwa. Solisti yuko kila mahali.

Hilo la mwisho halikunipendeza. Mtu aliyesimama katikati lazima niweze kumwonyesha kwa kidole. Faili lilikuwa limeshapelekwa redioni kwa ufunguo wa USB.

15 Desemba

Yaya wa redio, yule anayerusha nyimbo, alinipigia kabla ya misa ya pili. "Mukubwa, solisti yenu iko wapi? Tunasikia tu bale ba pembeni." Nimekwenda mwenyewe. Kwenye kaske ya studio solisti yupo. Kwenye redio ndogo ya mlinzi pale nje, inayopokea hewani, kuna korali, kuna vigelegele, na mahali pa solisti pana mtu anayeimba ndani ya pipa, mbali.

Kisambazaji cha redio hii hutuma mkondo mmoja. Stereo ya FM huhitaji kifaa cha ziada kinachobeba mlio wa kilohezi 19 ambao sikio halisikii, wa kuiambia redio ya msikilizaji kwamba kuna pande mbili. Na hata ukiwa nacho, sauti ya pande mbili huanza kuvuma mbali na mnara mapema kuliko ya upande mmoja. Kwa watu walio vijijini kando ya reli, mkondo mmoja ni uamuzi wa busara. Lakini ili kupata mkondo mmoja, mashine hujumlisha kushoto na kulia. Na hapa kulia ilikuwa imegeuzwa juu chini. Kushoto ikisukuma, kulia inavuta. Jumlisha, na kilicho sawa pande zote hufutana. Solisti alisimama katikati kabisa, sawa kwa mikro zote mbili. Alijifuta mwenyewe.

Ni ndugu wa ugonjwa wa simu ya yule mama: kule waya uliokatika ulitoa upande mmoja kutoka kwa mwingine, hapa mashine inajumlisha kisichopaswa kujumlishwa, na mwimbaji wa katikati ndiye anayelipa. Na kipimo cha usawa hakionyeshi kitu, maana pande zote mbili zina nguvu ileile. Taa zilikuwa sawa, vilele vilikuwa sawa. Mwenda naye asingetusaidia, yeye hupima njia ya kusikiliza tu.

Tiba ya haraka nimeifanya palepale studio: ndani ya Audacity nimeutenga upande wa kulia, nimeugeuza kwa amri ya kupindua, nimeunganisha tena. Solisti amerudi katikati, na korali imekuwa nyembamba kidogo, jambo ambalo vijana watalalamikia. Yaya amerusha wimbo mmoja, mlinzi akainua kidole gumba.

16 Desemba

Testeri imethibitisha kwamba kable ndiyo iliyogeuza upande wa kulia. Kable ya mikro ina pini tatu: 1 ni ya ngao, 2 na 3 ni za sauti, na kila namba lazima ifike kwa namba yake upande wa pili. Kwenye ile ya kuazima, 2 imeishia kwa 3 na 3 kwa 2. Mtu aliichomelea hivyo. Inafanya kazi, sauti inatoka, kwenye harusi yenye mikro moja hakuna atakayejua milele. Ukiiweka sambamba na kable nzima ndipo vita vinaanza. Nimeirekebisha kabla ya kuirudisha, bila kudai malipo, na mwenyewe hakuamini kwamba ilikuwa mbovu.

Jioni tumepima na bafule za parokia, kuona kama nazo zimegeuzwa waya: batri ndogo ya volti 1.5, chanya kwenye chanya ya bafule, gusa mara moja tu na uondoe. Kiwambo kikiruka mbele, waya ni sahihi. Kikirudi nyuma, umegeuzwa. Moja ilirudi nyuma. Ndiyo sababu besi ya kanisa ilikuwa hafifu kila Jumapili huku kila mtu akilaumu ampli.

17 Desemba

Padiri ameuliza kwa upole kama hatuwezi kutumia mikro moja na kuachana na haya yote. Nimemwambia kwa redio, ndiyo, hata mimi ningependelea hivyo: mikro moja nzuri, mbele, juu kidogo, korali ikijipanga yenyewe. Kamina, kwenye reli hii hii, Padri Guido Haazen aliiunda Missa Luba mwaka 1958 na Les Troubadours du Roi Baudouin, na dunia nzima iliisikia. Nguvu yake ilitoka kwenye namna waimbaji walivyokaa pamoja, si kwenye upana. Tumekubaliana: faili la redio litakuwa mkondo mmoja, nitaujumlisha mwenyewe na kuusikiliza kabla haujatoka mlangoni, na faili la pande mbili litabaki kwenye kabati la parokia kwa vijana.

20 Desemba

Mteja mpya, ampli ya nyumbani, kulia hausemi kabisa. Kijana (anasikia vizuri sasa, ameoshwa) hakugusa bisibisi. Alibadilishana kwanza fishi za kuingia: kulia bado kimya. Akabadilishana nyaya za bafule: ukimya ukabaki kwenye tundu la kulia la ampli, na bafule iliyokuwa kimya ikaanza kusema. Hapo akanitazama, nikamwitikia kwa kichwa, akafungua. Ndani kuna sakiti mbili za TDA2030, moja kwa kila upande. Upande wa kulia kapasita kubwa ya kutolea sauti imevimba kichwani, imekaa jirani na bati la kupoza, na joto hukausha maji yake. Tutaibadilisha hiyo kwanza na kupima volti kabla ya kuishtaki sakiti.

Orodha ya Kalemie: potensiomita ya pande mbili, kapasita za mikrofaradi 2200 (chukua sita, hazikai), fishi za 3.5, pini za mikro, etani ya kuchomelea. Barabara ya Nyunzu imeharibika na mvua. Dereva wa mizigo akishindwa kupita, tuagize Lubumbashi na kungoja treni ya Kabalo. Mwenye ampli anarudi Jumatatu. Nimemwambia aje na bafule zake zote mbili.